Kitambaa Chekundu Ambacho Mukali Hakukiona

Gogo liligonga mtumbwi ubavuni, mtumbwi ukapinduka, na mto uliofurika ukameza unga, sufuria na viatu. Emerance alitoka majini kwa magoti. Binti yake Sandrine, wa miezi minane, alikuwa bado amefungwa kifuani kwa kitenge. Mtoto akakohoa. Basi yu hai.

Nyuma yake, baba mkwe wake, mzee Donatien, alijikokota matopeni, goti limechanika, panga bado liko kiunoni. Wa mwisho alikuwa Mukali, mbwa wake wa kuwinda, mwenye kengele ya mti shingoni. Mbwa wa misitu ya Kongo hawabweki; kengele ndiyo sauti yao. Lakini ulikuwa mwaka 2002, barabara zilikuwa mikononi mwa askari, na tangu watoroke Kindu mzee alikuwa ameishindilia majani isilie.

"Kalima iko mbali, papa?"

"Siku moja. Na muguu huu, mbili."

Mume wa Emerance, Isidore, alikuwa ametangulia. Alichana nusu ya kitenge chekundu cha mkewe akaahidi kufunga vipande mitini, kwa kuwa vijiti vya wawindaji vya kuonyesha njia huvunjwa na mvua.

Mvua ilinyesha siku nzima. Sandrine akashikwa na homa, na maziwa ya Emerance yakapungua. Donatien alikata kamba ya mwituni, maji yakadondoka.

"Kunywa weye kwanza. Mutoto anakunywa kwako."

Asubuhi Mukali akawaongoza. Walitembea, wakachomwa na miiba, wakatembea tena, hadi Emerance alipokanyaga mahali penye unyevu. Aliinua macho. Ile kamba iliyokatwa jana ilikuwa bado inadondosha maji.

"Tumezunguka, papa."

"Mukali hapotei!"

"Mvua imeosha harufu. Anafuata nini?"

"Mumusikie mwalimu!" Mzee alicheka kwa uchungu. "Mutu ni kipofu mu pori. Tai anaona mbali, chui anaona mu giza, mbuzi anaona mpaka nyuma yake. Weye unaona nini?"

Kwenye masomo ya jioni Kindu, mwalimu wao mama Bernadette alikuwa amewapasulia jicho la ng'ombe toka kwa wachinjaji. Ndani yake, kwa nyuma, mlikuwa na ngozi inayong'aa kama kioo, inayorudisha mwanga ili mnyama aone gizani. Mtu hana kioo hicho. Lakini mama Bernadette aliwaambia pia kwamba mbwa huona buluu na njano. Nyekundu kwake hufifia ikafanana na majani.

"Naona nyekundu," Emerance alisema. "Mukali haioni. Leo mie njo mbele. Mutoto wangu hatakufia hapa."

Alitembea polepole, akipekua kijani kwa macho kama mtu anayechambua mchele. Wekundu wa kwanza ulikuwa chini: matungulu, matunda ya msituni, yaliyoiva. Waliyapasua wakanyonya uchachu wake. Wekundu wa pili ulikuwa juu, kwenye tawi, umelowa na kujikunja. Kitenge chake! Chini yake kulikuwa na nyayo za Mukali. Asubuhi mbwa alikuwa amewapitisha pale bila kuinua kichwa.

Donatien alikishika kile kitambaa, kisha akamvuta Mukali nyuma yake.

Walifuata cha pili, cha tatu, cha saba. Jua lilipozama walifika kwenye kinamasi, na hapo wekundu wote ukageuka mweusi. Emerance akanyanyua mguu aingie majini. Mukali akajitupa mbele yake, manyoya yamesimama.

"Simama!" mzee alinong'ona. "Saa hii njo zamu ya macho yake."

Gogo moja kule mbele lilifumba mdomo, likazama taratibu. Mamba. Walizunguka kinamasi chote, mkono wa Emerance shingoni mwa mbwa, hadi walipoona moto na kumsikia Isidore akiita jina la mtoto. Donatien akachomoa majani kwenye kengele. Ikalia.

Sandrine aliponywa Kalima. Leo naye ni mama, Kindu, na kengele ya Mukali inaning'inia mlangoni kwake. Mzee Donatien angali mkali wa maneno, ila hakuna anayeruhusiwa kupanda mchikichi wake kabla mzee hajamwita Emerance:

"Mama Sandrine! Kuya hapa na macho yako. Iko nyekundu?"

Emerance hutazama juu, kwenye mkungu wa chikichi, bila haraka.

"Iko nyekundu, papa. Muikate."