Asilimia Tisa, Barabara ya Maruku

Asubuhi hiyo Vestina Karugendo alikuwa anachaji gari kupitia dirisha la jikoni kwa Mama Eufrazia, Maruku, nje kidogo ya Bukoba.

Waya wa chaji ulipita juu ya sufuria. Mama alishazoea. Alijua Vestina ni mtafiti wa migomba mwenye gari la ajabu lisilokunywa mafuta.

Si mtafiti. Alikuwa jasusi. Alikaa karibu na mama huyu kwa sababu moja tu. Mkwe wake, Ildefons, alikuwa anavusha mabondo kwenda nje ya nchi.

Bondo ni kile kifuko cha hewa cha tumboni mwa sangara. Wanunuzi wa nje wanakigombania kama dhahabu.

Simu ikatetemeka. Boniface, bosi wake.

"Datius kakamatwa kisiwani. Wamejua ni mtu wetu."

Vestina akaacha kutafuna akamwani, kahawa kavu aliyopewa na mama.

"Yuko hai?"

"Hai. Ildefons na mlinzi wake wanampakia kwenye Fuso kule Muleba. Akivuka mpaka pale Mutukula, ndiyo basi tena."

"Waambie polisi wafunge barabara."

"Kuna mtu wao anasikiliza redio ya polisi. Tukisema tu, watamuua. Uko peke yako."

Akachomoa waya. Asilimia arobaini na nane.

Alikuwa amechoka. Dodoma, Singida, Kahama, Biharamulo, wiki nzima barabarani kabla ya kurudi Maruku. Kila mji ni kuomba soketi, kila gesti wanalia umeme wa LUKU umeisha. Mgongo ulikuwa unauma hadi kwenye meno.

Akaenda.

Muleba alifika amechelewa. Fuso lilishaondoka.

Akageuza. Kwenye simu, nukta nyekundu ilikuwa inatembea kuelekea Bukoba. Ni kifaa kilichofichwa kwenye soli ya kiatu cha Datius.

Akakanyaga. Gari lake, BYD ya kijivu, likaruka bila sauti. Lakini vilima vya Muleba havina huruma, na kadiri alivyokimbia ndivyo betri ilivyoshuka.

Ishirini.

Kumi na nne.

Akalikuta Fuso Muhutwe. Akaliona mgongo tu, linapanda kilima, linatoa moshi. Limbu, mlinzi wa Ildefons, alikuwa ametoa mkono dirishani na sigara.

Asilimia tisa.

Akikimbia, betri inaisha kabla ya Bukoba. Akienda taratibu, Datius anavuka mpaka.

Vestina akapunguza mwendo. Akawaza. Kisha akapiga simu ambayo hakutaka kuipiga.

"Mama, shikamoo tena."

"Marahaba, mwanangu. Umesahau kandambili zako huku."

"Nimeona lori la Ildefons hapa Muhutwe. Anakuja kwako?"



"Anapita? Mbona hajaniambia?"

"Labda ana haraka, mama."

"Haraka gani ya kumpita mama mkwe? Waitu! Ngoja."

Simu ikakatwa.

Vestina akakodolea nukta. Ikaendelea mbele. Ikafika Kanyangereko.

Ikasimama.

Ikakata kona kuingia Maruku.

Ildefons aliwahi kumtupa mtu ziwani akiwa anacheka. Lakini kumwambia mama mkwe kwamba hana muda, hilo hakuliweza.

BYD ikaingia Maruku na asilimia mbili, kimya kama paka. Fuso lilikuwa limeegeshwa kando ya migomba. Hamna mlinzi. Sauti ya mama ilitoka jikoni:

"Na mwenzako mwite! Kwangu mtu hakai kwenye gari wengine wakila!"

Limbu naye alikuwa ndani.

Vestina akatoa mkasi wa kukatia chuma. Kufuli likaanguka kwenye majani.

Datius alikuwa katikati ya masanduku ya barafu, kafungwa kamba, midomo imekauka.

"Umechelewa," akanong'ona.

"Nilikuwa natafuta soketi. Unanuka sangara."

"Nimelala nao tangu jana."

Vestina akamtumia Boniface ramani. Akachomoa bastola yake ya Glock. Akaingia sebuleni.

Ildefons alikuwa na tonge la ebitoke, ndizi za kupikwa, mkononi. Limbu alikuwa anapuliza mchuzi. Bastola zao zilikuwa kwenye kiti, chini ya koti. Mtu haingii na bastola kiunoni ukweni.

"Mikono mezani."

Limbu akaangalia koti.

"Jaribu," Vestina akasema. Sauti yake ilikuwa ya kuchoka kabisa. Limbu akaacha.

Ildefons akashusha tonge polepole.

"Pingu usinifungie hapa," akasema kwa sauti ya chini. "Mama yuko jikoni. Tafadhali."

"Weka koti juu ya mikono. Ukikimbia nitapiga mguu."

Vijana wa Boniface walikuja na pikipiki na gari moja. Wakaondoka nao, na lori, na mabondo yote.

Vestina akavuta waya hadi dirishani, akachomeka kama asubuhi. Datius alishalala kiti cha mbele.

Mama Eufrazia akatokea mlangoni. Akatazama sahani mbili mezani. Akamtazama Vestina.

"Ulinipigia ili nimwite."

"Ndiyo, mama."

"Hajamaliza kula."

Mama akajifuta mikono kwenye kanga.

"Binti yangu nitamwambia nini? Kwamba nilimpikia mume wake, halafu?"

Akaenda jikoni. Waya ukachomolewa. Akauzungusha vizuri, duara kwa duara, akaufunga fundo, akampa mkononi pamoja na kandambili. Kisha akafunga mlango.

Asilimia sita.

Kutoka Maruku hadi mjini ni mteremko mrefu. Vestina aliacha gari lishuke lenyewe, breki zikirudisha umeme kidogo kidogo. Saba. Nane. Ziwa likatokea upande wa kulia. Hakulitazama.

Akamshusha Datius kwa daktari. Akachukua chumba gesti, mtaa wa Kashai, akaomba soketi, akaambiwa LUKU ipo.

Akakaa kitandani na viatu. Akaandika kwenye WhatsApp, akafuta, akaandika tena.

*Mama, yule mtu kwenye lori wangemuua leo. Ana mke anaitwa Stellah. Nisamehe kwa kukutumia.*

Akatuma.

Tiki mbili. Zikawa bluu.

Juu pakatokea neno kwamba mama anaandika. Likapotea. Likatokea tena.

Likapotea.