Magi Isiyoshika Povu

Mama Povu alikutwa amelala ubavu kando ya meza ndefu ya chumba cha kuonjea cha kiwanda cha bia cha familia, asubuhi ya siku ambayo wageni walialikwa kuja kuonja bia yake nyeusi. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa bado vimeshika mguu wa meza. Juu ya meza palikuwa na magi moja ya kioo, nzito, yenye mpini, na chini kabisa yalibaki mashapo meusi ya bia.

Aliyemkuta ni mhudumu wa chumba hicho. Inspekta alipofika alimkuta mhudumu huyo ameketishwa juu ya kreti, pingu mikononi, machozi na kamasi vikimchuruzika bila njia ya kujifuta.

"Huyu umemfungia nini?" Inspekta alimuuliza Sajini.

"Ndiye aliyekutwa na marehemu, afande."

"Aliyekutwa, au aliyemkuta?"

Sajini akatazama viatu vyake.

"Mlinzi wa getini umemuuliza?"

"Bado, afande."

Inspekta mwenyewe akatoka kwenda getini. Mlinzi alisema mhudumu aliingia akikimbia kwa kuchelewa, na kabla yeye mlinzi hajafunga geti vizuri akasikia ukelele. Waliotangulia kuingia walikuwa watu wa nyumba tu: Mama Povu, mumewe, na shemeji yake. Basi. Kitu cha kuulizwa kwa pumzi moja, na mhudumu wa watu alikuwa amefungwa kama mbuzi wa kuuzwa.

"Mfungue," Inspekta alisema aliporudi. "Na umwombe radhi kwa sauti ninayoisikia."

Ndipo akaitazama meza. Magi ile ilikuwa bado ya baridi, imekaa juu ya duara la maji. Ng'ambo ya meza palikuwa na duara jingine la maji, ukubwa ule ule, lakini juu yake hapakuwa na kitu. Daktari wa polisi alikuwa ameinama juu ya marehemu. Alinusa mdomo wake, akanusa magi, akakunja uso.

"Kama kitunguu saumu," alisema. "Nadhani ni dawa ya wadudu wa nafaka. Maabara watathibitisha, lakini mimi sina shaka."

"Angenusa mwenyewe kabla ya kunywa?"

"Kwenye baridi hii, na magi ya mdomo mpana hivi? Hata mimi nimelazimika kuingiza pua."

Mume wa marehemu walimpata kwenye ghala la shayiri, amekaa juu ya gunia. Mtu mkubwa wa mwili, lakini siku hiyo alionekana kama koti lililoanguka kutoka msumarini.

"Dawa ya fukusi mnaweka wapi?" Inspekta aliuliza.

"Humu humu. Ufunguo unaning'inia pale nje. Yeyote huuchukua."

"Jana mliachana vizuri, wewe na mkeo?"

"Tuligombana. Wakati wa chakula alisema leo atasimama mbele ya wageni aseme bia nyeusi ni yake. Kwamba aliyeitunga, akaipika, akaharibu mapipa mpaka ikatengemaa, ni yeye. Si ndugu yangu."

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na ndugu yako akajibu nini?"

"Alicheka. Alisema, 'Shemeji, wewe ni mkono, mimi ni mdomo. Mkono hausemi.'"

"Na wewe mume?"

"Nilisema mambo ya nyumbani yaishie nyumbani."

Inspekta alihisi damu ikimpanda masikioni. Miaka yote mwanamke anapika, mwanamume mwingine anapigiwa makofi, na mwenye nyumba anaogopa majirani wasisikie! Nyuma yake Sajini alikuwa ameshazitoa pingu tena.

"Zirudishe," alimwambia bila kugeuka. "Unazigawa kama peremende. Huyu ana lawama yake, lakini ngoja kwanza."

Shemeji mtu alikuwa ofisini kwake, mlango umefungwa. Mji mzima ulimwita Bwana Gilasi, maana ndiye aliyewafundisha watu bia ipi inywewe kwenye gilasi ipi. Pale getini palibandikwa picha yake kubwa: suti, tai ya damu ya mzee, na mkononi gilasi anayoipangusa kwa leso ya hariri ya rangi ile ile ya tai. Leo tai ilikuwepo shingoni. Mfuko wa koti kifuani ulikuwa mtupu.

"Nilikuwa humu tangu nilipofika, dada yangu," alisema. "Najiandaa na mhadhara. Mlango sijaufungua mpaka niliposikia kelele."

"Unamfikiria nani?"

"Sipendi kunyoosha kidole. Ila mhudumu yule ni mzembe. Na ndugu yangu, maskini, ana hasira. Mimi na shemeji hatukuwa na neno. Tulikuwa chanda na pete."

Alinawa mikono kwenye sinki dogo la pale pale ofisini, na chumba kikanukia sabuni ya malimau.

Inspekta alirudi kwenye chumba cha kuonjea. Mhudumu alikuwa amesimama mbele ya rafu ya waya ambapo gilasi za kila namna zilifudikizwa: ndefu zenye kiuno, nyembamba kama mishumaa, na zile fupi zenye tumbo na shina, mdomo umebanwa kidogo juu.

"Mama alikuwa akinywa bia nyeusi kwa ipi?" Inspekta aliuliza.

"Hii ya tumbo, afande. Wala si ya baridi. Alisema ubaridi wa maji ya mtungi unatosha. Siku moja nilimletea kwenye magi ya friza, akanirudishia. Akaniambia, 'Mwanangu, umenifunga pua.'"

"Basi leo ameikubalije magi?"

"Hilo ndilo linalonishangaza, afande."

Inspekta hakutaka kusimuliwa tu. Alifungua chupa mpya ya bia nyeusi, akamimina kidogo kwenye gilasi ya tumbo, akanusa. Harufu ilimpiga usoni: kahawa, sukari iliyoungua, mkate uliochomwa. Akamimina kwenye magi iliyotoka friza. Akanusa. Harufu karibu hakuna. Akasimama pale, magi mkononi, akielewa. Aliyemwekea mama yule sumu alijua kabisa ni chombo gani kingemwonya, na akachagua kingine.

Na kulikuwa na duara la pili la maji; magi yake lazima ilirudishwa rafuni. Akaziteremsha magi zote za rafuni, akazimiminia bia moja baada ya nyingine. Kila moja ilivaa povu zito la rangi ya maziwa ya chai. Moja tu haikushika. Povu lake lilipanda, likatoboka, likafa, na mapovu machache yakanata kwenye kioo kama upele.

Mhudumu aliinusa, uso ukabadilika. "Hii sijaiosha mimi. Ina sabuni ya mikono! Sisi tunasuuza kwa maji ya moto, tunaacha ikauke yenyewe. Kitambaa hakiingii humu. Sabuni na nyuzi vinaua povu."

Inspekta aliigeuza magi kwenye mwanga. Penye pembe ya mpini ulinasa uzi mmoja mfupi, wa rangi ya damu ya mzee.

Alimnong'oneza Sajini jambo. Safari hii Sajini aliondoka mbio.

Wageni walikuwa wameanza kukusanyika uani. Inspekta aliwaita wote watatu kwenye chumba cha kuonjea: mume, mhudumu, na Bwana Gilasi. Marehemu alikuwa amekwisha kuchukuliwa. Mezani zilipangwa gilasi na magi.

"Nisaidie," Inspekta alimwambia Bwana Gilasi. "Wewe ndiye mwalimu. Bia ya ngano?"

Akashangaa, lakini ulimi wake ulizoea. "Ndefu, yenye kiuno. Povu lipate nafasi ya kupanda."

"Bia nyepesi?"

"Nyembamba. Rangi ionekane, hewa isitoke haraka."

"Na nyeusi kali?"

"Ya tumbo, mdomo mwembamba. Harufu ikusanyike puani. Nusu ya bia ile ni harufu."

"Na magi iliyoganda?"

"Kuimimina nyeusi kwenye magi ya baridi ni matusi. Huwezi kunusa chochote. Unaweza ukamnywesha mtu hata..." Akasita.

"Malizia."

Bwana Gilasi akapeleka mkono kwenye mfuko mtupu wa kifuani.

"Nitakusaidia. Hata dawa ya fukusi. Nani humu ndani angejua hilo na kulitumia? Mhudumu anajua. Lakini mhudumu alikuwa getini. Mume hajui, hata ungempa bia kwenye ndoo angekunywa. Umebaki wewe."

"Dada yangu, hayo ni maneno ya barazani."

"Mimi si dada yako. Leo mlikuwa wawili hapa. Mlikunywa pamoja, magi zote zimetoka friza, na zote zimeacha maji mezani. Ya kwako haikuwa na sumu, lakini ulitaka ionekane amekunywa peke yake. Ukaenda nayo ofisini, ukaiosha kwa sabuni ya malimau, ukaipangusa kwa leso, ukairudisha. Miaka yote unafundisha watu gilasi, na hujawahi kuosha hata moja!"

"Leso yangu nimeisahau nyumbani."

Mlango ulifunguliwa. Sajini aliingia na mfuko wa plastiki, suruali imelowa magotini. Ndani ya mfuko kulikuwa na leso ya hariri, imeviringishwa kwenye kichupa.

"Kwenye tangi la choo cha ofisini kwake, afande. Kichupa kinanuka kitunguu saumu."

Mume akauliza, kwa sauti ndogo isiyofanana na mwili wake, "Alikubalije kunywa kwenye magi, kaka? Yeye?"

Bwana Gilasi alilegeza tai. "Nilimwambia nimekuja kuomba radhi. Nikamwambia tugonge, kama siku zile tunaanza, tulipokuwa na magi mbili tu. Gilasi za shina hazigongwi, zinavunjika. Alifurahi." Akainua uso, na hapo hasira ikamtoka, kana kwamba ndiye aliyedhulumiwa. "Mlitaka nifanye nini? Nisimame pale nje niitwe kasuku? Jina lile nililijenga mimi! Nani angenunua bia ya mwanamke aliyejifungia na masufuria?"

"Wote wale walioko nje," Inspekta alisema. "Walikuwa wakiinunua tayari. Ulimwibia kazi yake. Alipoidai, ukamwendea na neno la radhi, ukalitumia kumuulia. Alikuwa na moyo wa kusamehe, ukaufanya kifuniko cha sumu. Halafu ukataka mhudumu wake aozee jela. Sajini, sasa zitoe."

Pingu zilifungwa. Bwana Gilasi alipitishwa uani mbele ya watu waliokuja kumsikiliza, na minong'ono ikatangulia mbele yake mpaka kwenye gari.

Mume alikuwa ameegemea ukuta, analia. "Afande, nikuambie nini?"

"Usiniambie mimi. Mimi nimeshajua. Waambie wale."

Alitoka. Wakiwa ndani walimsikia akikohoa, akianza, akishindwa, akianza tena. Alisema bia nyeusi ilikuwa ya mkewe, tangu pipa la kwanza. Alisema alijua, akanyamaza. Mwanamke mmoja kati ya wageni akamuuliza kwa ukali alinyamazia nini.

Baadaye mzee mmoja alichungulia mlangoni na kuuliza kwa upole kama walau wangeweza kuionja, kwa heshima ya marehemu.

Mhudumu alikuwa akifuta meza. Alama za pingu zilikuwa bado nyekundu mikononi mwake.

"Alipokuwepo hamkumuuliza hata jina, baba," alijibu. "Leo hamiminiwi mtu."

Akafunga mabomba, moja baada ya jingine, akamsubiri mzee atoe mguu kizingitini, kisha akaufunga na mlango.