Tundu la Sabufa

Yaliyompata shangazi yangu yalianza Jumamosi asubuhi, jua limewaka vizuri, na yeye yuko kwenye cherehani anapinda sketi za shule. Mumewe, fundi umeme wa magari, aliingia kinyumenyume, amekumbatia boksi jeusi.

"Jeneza la nani hilo?" shangazi akauliza.

"Jeneza gani, Mama Chiriku? Hii ni besi! Leo majirani watahama wenyewe."

Lilikuwa sabufa lililotolewa kwenye gari lililogongana na lori, mwenyewe akafia humo. Muuza vyuma chakavu alikuwa amemwambia, "Spika chukua. Boksi niachie nilichome." Fundi akacheka. Mbao nzuri vile, nani anachoma?

Akaanza kazi. Betri ya gari akaiweka juu ya ubao karibu na dirisha, chaja pembeni, amplifaya juu ya stuli. Waya mwekundu kwenye chanya. Ule mweusi akaushika mkononi kwanza, kwa maana alikuwa na desturi yake. Kila boksi la besi lina tundu la hewa, na kabla ya kuliwasha alitaka mtu apige kelele humo ndani huku yeye ameweka kiganja juu ya mbao, ajue kama kuna ubao uliolegea. Kazi hiyo ilikuwa ya binti yao wa miaka sita. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Hata usingizini aliongea.

"Haya, Chiriku, mwamshe."

"Nimwamshe nani, baba?"

"Besi!"

Mtoto akapiga magoti, akabandika mdomo kwenye tundu. "Oooo!"

Mbao hazikutikisika. Sauti iliingia, haikurudi.

"Rudia. Kwa nguvu."

Chiriku akafungua mdomo. Mishipa ya shingo ikamsimama. Kimya.

"Acha mizaha, wewe," baba akasema. Lakini machozi yalikuwa yanamtiririka mtoto, mdomo wazi, na kilio hakina sauti yoyote. Cherehani ikasimama.

Ndipo boksi likasema, "Mama."

Waya mweusi ulikuwa bado mkononi mwa fundi.

Shangazi alisogea kwa magoti mpaka kwenye tundu. Ilikuwa sauti ya Chiriku, ileile, na kithembe chake.

"Mama, huku giza."

"Uko na nani?" akanong'ona.

"Na mwenye gari. Amenishika mkono."

Fundi akarukia bisibisi. Skrubu ya kwanza ilipolegea, Chiriku alianguka sakafuni kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Midomo ikabadilika rangi.

"Kaza! Kaza, utamuua!"

Akaikaza. Mtoto akavuta pumzi. Akajaribu skrubu nyingine, polepole, robo mzunguko tu. Mtoto akaanguka tena.

Walilibeba boksi mpaka kwa muuza vyuma. Alipowaona kwa mbali, akafunga geti. "Nilikwambia nilichome," akasema kupitia upenyo. "Sasa hata mimi siwezi. Kuna mtu ndani." Hospitalini, daktari alimulika koo la mtoto, akasema ni zima kabisa.

Basi wakaishi hivyo. Shangazi alihamishia cherehani kando ya boksi. Mkono mmoja ulikuwa kwenye kitambaa, mwingine juu ya mbao.

"Umelala, mwanangu?"

"Bado, mama."

Chiriku mwenyewe alikaa kwenye kona, mdomo umefungwa, akisikiliza maneno yake kama ya mtoto wa jirani. Siku zilivyokwenda aliacha kumwegemea mama yake. Shangazi alijua kwa nini. Alikuwa akilibembeleza boksi kuliko alivyombembeleza mtoto. Alijua, na hakuweza kuacha.

Wiki ya tatu, sauti ikaanza kwenda mbali.

"Mama, tunaondoka."

"Mnakwenda wapi?"

"Anasema barabara ni ndefu."

"Kataa! Mwambie mama amekataa!"

"Nimemwambia."

Shangazi akalikumbatia boksi kwa mikono miwili.

"Anacheka."

Siku iliyofuata, saa nane mchana, shangazi aliita mara tatu bila kujibiwa. Akaweka sikio kwenye tundu. Hakuna pumzi. Akapiga mbao kwa viganja viwili, akaita mpaka majirani wakatoka nje. Hakuna.

Mumewe alichukua bisibisi bila kuambiwa. Akalegeza skrubu ya kwanza. Wote wawili wakageuka kumtazama Chiriku.

Alikuwa amesimama.

Ya pili. Amesimama. Ya tatu. Ya nne. Safari hii walitamani aanguke.

Spika ilipotoka, fundi alimulika ndani kwa simu. Pamba kidogo. Vumbi. Hakuna zaidi. Mpaka leo Chiriku hajatamka neno, na akiulizwa kitu anatazama barabarani.

Siku ile, shangazi aliingiza kichwa kwenye boksi, akaona ambacho mumewe hakukiona. Kwenye vumbi lililoganda juu ya mbao kulikuwa na alama za viganja vidogo, vingi, vikipanda kulielekea tundu. Cha mwisho kilikuwa kimefika ukingoni kabisa.

Juu yake palikuwa na kiganja cha mtu mzima, kimekifunika.