Gitaa la Kidole

Jua lilikuwa linazama. Fundi magitaa alishakusanya vifaa vyake afunge kibanda, mara shemeji yake akasimama mlangoni, amekumbatia gitaa la marehemu.

"Shemeji, tremolo ina shida," mjane alisema. "Ukibonyeza huu mkono wake, sauti inashuka, hairudi. Na mama anataka kulisikia likilia tena."

Angekataa vipi? Kidole alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Miezi mitatu ilishapita tangu umeme umuue jukwaani, ameshika gitaa hilo hilo. Wote walisema ni ajali. Msibani fundi alilia kuliko wote, mnafiki mkubwa yule.

Akalilaza gitaa mezani. Akasugua unga wa penseli kwenye vijia vya nyuzi, pale shingoni. Akalityuni. Akabonyeza mkono, akauachia.

Sauti ilishuka, ikabaki huko huko.

Akalegeza skrubu za daraja, kile chuma kinachobeba nyuzi, akajaribu tena. Ikashuka zaidi.

Kisha ikaja harufu... ya nywele zilizoungua.

"Unaisikia?" alinong'ona.

"Naisikia tangu siku ile," mjane akajibu.

Zilibaki springi zinazolirudisha daraja mahali pake. Akaligeuza gitaa, akafungua kifuniko cha mgongoni.

Waya ulikuwapo.

Umeunganishwa kwenye springi kwa risasi mpya ya kulehemu, inayong'aa. Akaigusa. Bado ya moto!

"Nani ameurudisha? Huu niliukata mwenyewe!"

Mjane alimtazama kwa chuki isiyojificha. "Uliukata lini, shemeji?"

Maneno yalishamtoka. Jioni ya onyesho fundi aliichezea amplifaya, umeme ukapita kwenye kebo, ukafuata waya ule hadi kwenye nyuzi, hadi kwenye vidole vya mdogo wake. Wakati watu wanabubujikwa machozi, yeye akaukata, asije fundi mwenzake akaiona njia ya umeme. Kisa? Bendi ilimnyang'anya gitaa la solo, ikampa mdogo mtu.

"Shemeji, mimi..."

Mkono wa gitaa ukashuka. Hakuna aliyeugusa. Gitaa halikuunganishwa popote, lakini spika ya ukutani ikaguna. Mguno ukashuka... ukashuka... ukawa sauti ya mtu.

"Kaka... ulijua?"

Fundi akaudaka ule mkono auzuie. Vidole vikaganda kwenye chuma.

"Nilijua!" akapiga ukelele. "Nisamehe, Kidole, nilijua!"

Mjane alirudi nyuma hatua moja, akageukia nje. "Mama, umesikia?"

Bibi mmoja akainuka taratibu kwenye benchi la barazani. Ndiye mama aliyewazaa wote wawili. Akaja hadi mlangoni. Machozi yalimlowesha kanga, ila sauti yake ilikuwa kavu.

"Nimewasikia wanangu wote wawili."

"Mama, nivute! Mkono wangu hautoki!"

"Mimi nimemaliza kulia, mwanangu. Malizaneni."

Akavuta mlango mwenyewe, akasukuma komeo kwa nje. Akamshika mkwewe mkono, wakaondoka bila kugeuka.

Majirani wanasema gitaa lililia kibandani humo mpaka giza likatanda, tamu kiasi cha watu kusimama njiani. Fundi, maskini, hakuwahi kupiga vizuri hivyo maishani mwake.