Posamu Aliyepita Ukutani

Kila Jumamosi asubuhi Bronte Vassallo alipanda ngazi za kiwanda cha zamani cha soksi, katika mtaa wa Footscray, akimfuata baba yake. Ngazi zilikuwa sitini na mbili, na lifti ilikuwa mbovu tangu mwaka juzi. Wenye jengo walikumbuka kupandisha kodi. Kutengeneza lifti wakasahau. Huko juu walikuwa watengenezaji tisa wa michezo ya kompyuta, watu wasio na kampuni kubwa nyuma yao. Kila mmoja alikuwa na meza yake, na wote walikuwa na birika moja la chai.

Bronte alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake alipofariki, baba hakuwa na wa kumwachia mtoto siku za Jumamosi, ndipo akaanza kuja naye. Aliyemwona amekaa peke yake ni Hanh, dada mmoja mcheshi aliyechora picha za michezo. Alimsogezea kiti, akampa penseli.

"Wewe ndiye utakayenijaribia michezo, mdogo wangu," alimwambia. "Cheza mpaka mchezo uharibike. Ukiharibika, andika kwenye daftari la makosa: kimetokea nini, na jina lako. Hapa hatugombani kwa kosa lililoandikwa."

Daftari hilo lilining'inia kwa kamba kando ya birika. Lakini Jumamosi hii Bronte alilipita akiangalia pembeni, kana kwamba daftari nalo lina macho. Ilikuwa siku ya kumuaga Hanh.

Wiki tatu nyuma, siku moja kabla ya maonyesho ya mjini, kompyuta ya maonyesho ilikuwa tayari mezani. Ndani yake mlikuwa na mchezo ambao Hanh na baba yake Bronte waliutengeneza kwa miaka miwili, kuhusu posamu, mnyama mdogo wa usiku mwenye mkia mrefu, anayeruka juu ya mapaa ya nyumba akitafuta matunda. Hanh aliukagua, akabandika karatasi: TAYARI. MSIGUSE.

Bronte aligusa. Paa la tano lilikuwa limemshinda mara kumi na nne, na alitaka kuona mwisho kabla ya watu wengine. Aliijua siri ya watengenezaji: ukibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, posamu anakuwa mzimu, anapenya kuta bila kuzuiwa na kitu. Akabonyeza. Akauona mwisho, akafurahi, akazima kompyuta. Kumrudisha posamu katika hali yake ya kawaida akasahau.

Kesho yake majaji walipokaa kucheza, posamu alitembea hatua tatu, akapenya paa, akaanguka chini ya nyumba, chini ya barabara, chini ya dunia yenyewe, akawa anaanguka tu kwenye weupe usio na mwisho. Watu wakacheka. Jaji mmoja akaandika kitu, akaondoka.

Gareth Pruitt, msimamizi wa watengenezaji wale, hakuuliza maswali mawili. "Aliyeikagua mwisho ni nani? Hanh. Basi." Ndivyo walivyo wenye vyeo: wakiaibika hawamtafuti aliyekosa, humshika aliye karibu. Hanh alisema aliikagua vizuri. Hakuna aliyemsikiliza, na mwishowe hata yeye akaanza kujitilia shaka. "Labda nilichoka," aliwaambia wenzake. "Labda sikuangalia."

Hiyo "labda" ndiyo iliyomchoma Bronte kuliko yote.

Sasa Hanh alikuwa anahamia mji wa Adelaide. Watengenezaji wa huko walitaka kumpa kazi, ila walisubiri kwanza barua ya Gareth. Barua ilikwisha kuandikwa, na kila mtu alijua inasema nini: anachora vizuri, hana uangalifu. Jumatatu ingetumwa. Wakiisoma, Hanh angeishia kufunga mikate katika duka la shangazi yake.

Bronte alikuwa amemwambia mtu mmoja tu, Malia, mwenzake wa darasani, ambaye mama yake alikuwa na duka la keki pale chini. Asubuhi hii Malia, aliyebeba trei ya keki za chokoleti na nazi, alimkuta amekaa kwenye ngazi.

"Mbona uso umeukunja hivyo? Umelamba limau?"

"Leo anaondoka."

"Si afadhali? Akishaondoka yamekwisha. Nani atauliza tena habari za posamu?"

"Na ile barua je?"

"Wee! Ukisema, Gareth atakufukuza. Halafu utakuja chini kuosha trei na mimi, na ile kazi ni yangu, sitaki mshindani."

Bronte hakucheka.

Watu wale hawakuagana kwa hotuba. Mwenzao akiondoka, asubuhi hiyohiyo kila mmoja alimtengenezea chumba kimoja kidogo ndani ya mchezo wa kompyuta. Vyumba viliunganishwa kwa milango, na anayeondoka alivicheza mbele ya wote, picha ikionekana ukutani. Chumba cha mwisho kilikuwa cha mdogo kuliko wote.

Bronte alianza kwa kuchora maua. Akayafuta. Akachora meza, kompyuta, karatasi ya MSIGUSE, na msichana mdogo amesimama kando. Moyoni alisema, "Akikiona ataelewa. Sitahitaji kufungua mdomo." Lakini kumchora msichana yule akimtazama mtu machoni kulimshinda. Akamgeuza atazame ukuta.

Saa sita walikusanyika. Hanh akakaa, akamwongoza posamu kutoka chumba hadi chumba. Cha baba yake Bronte kilikuwa na lifti iliyosema "samahani" kila ukiibonyeza, na watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Cha Gareth kilikuwa na kiti kikubwa, basi. Kisha ukafunguka mlango wa mwisho.

Posamu alimkaribia msichana. Msichana hakugeuka. Hanh akazunguka huku na huku. Msichana aliendelea kutazama ukuta.

"Chumba kimeharibika!" Gareth akasema kwa kicheko. "Mtoto katugeuzia mgongo!"

"Muache, Gareth," Hanh akasema taratibu. "Labda ni mimi nisiyejua kucheza."

Labda! Bronte akajikuta amesimama.

"Siyo wewe, dada Hanh. Ni mimi. Kompyuta ya maonyesho niliigusa mimi. Nilimfanya posamu mzimu nikasahau kumrudisha. Wewe uliikagua vizuri. Nilijua toka siku ile."

Birika likachemka, likajizima lenyewe.

"Wiki tatu, Bronte," Hanh akasema. Hakuwa akitabasamu. "Kila asubuhi naamka naikagua ile kompyuta kichwani mwangu. Nilikuwa nimeanza kuyaogopa macho yangu mwenyewe."

"Kwa nini hukusema?" Gareth akafoka.

"Na wewe kwa nini hukuuliza?" baba yake Bronte akamjibu. Kisha akashusha sauti, uso umemwiva kwa aibu. "Ila nami sina la kujivunia. Nimekutukana wewe kila siku, Gareth, kumbe mwenye kosa anakula mezani kwangu."

Bronte alikwenda kwenye birika, akalifungua daftari. Aliandika yote: karatasi, vitufe vitatu, tarehe, jina lake. Gareth alilisoma akiwa amesimama, akakuna shingo. Akaichana barua ya zamani, akakaa, akaandika nyingine wote wakimwangalia. Alipomaliza akampa Hanh aisome. "Nilikimbilia kukulaumu," alisema. Kwa mtu kama Gareth, maneno mawili hayo yalikuwa hotuba nzima.

Baba alimwita Bronte dirishani. "Mwezi mzima huchezi. Utaosha vikombe na kufagia. Unanielewa?"

"Ndiyo, baba."

"Kusahau si dhambi, mimi mwenyewe nimejaa humo daftarini. Lakini ulipolificha kosa lako halikupotea. Lilimwendea mtu mwingine, mtu aliyekupenda, likalala naye na kuamka naye. Ukikosa, sema siku hiyohiyo, kwa mdomo wako, kosa lingali dogo na ni lako peke yako. Usingoje mpaka liwe mzigo wa mwenzako."

Bronte alirudi kwenye kompyuta akamgeuza msichana. Sasa alitazama mbele, na nyuma yake palikuwa na mlango wazi. Hanh akakaa tena kwenye kiti. Kabla ya kwenda mlangoni alimpeleka posamu ukutani kwanza, akamsukuma kwa nguvu. Posamu akagonga, akasimama.

"Umekagua?" aliuliza.

"Mara mbili, dada Hanh."

"Na daftarini?"

"Nimeandika."

Hanh alimshika bega, akalibana kidogo. Kisha akamtoa posamu kwa mlango.