Pafu la Semhindo

Mchukuzi alishuka uani kwa Otilia Ngonyani bila kutikisa hata jani la mchicha. Alikuwa chombo cha kuruka chenye mikono minne ya mpira, na kazi yake ilikuwa kuchukua kitu kwa muuzaji na kukifikisha kwa mnunuzi siku hiyo hiyo. Mji mzima wa Songea ulikuwa umekwisha kumzoea kama unavyozoea kunguru. Otilia alitoka jikoni mbio, vidole vina unga. Mikono yote minne ya Mchukuzi ilikuwa mitupu.

"Pole kwa usumbufu," akasema Mchukuzi. "Muuzaji ameghairi. Uwe na siku njema."

Kisha akapaa. Siku njema! Otilia alibaki ameinua uso juu, mdomo wazi, na lau kungekuwa na jiwe karibu angelirusha.

Kilichoghairiwa hakikuwa sufuria. Lilikuwa pafu-mkoba, mashine ya kiasi cha kibuyu kidogo ambayo mgonjwa huifunga kifuani, nayo ikampumulia. Majuma ya mwanzo humwendesha kama mwalimu wa kwaya: vuta, shusha, vuta, shusha. Baadaye hujifunza pumzi ya mwenyewe, ikajua anavyohema akipanda ngazi, akicheka, akiota, mpaka mtu akasahau kwamba anapumuliwa. Kiwanda kilichoyatengeneza mapafu hayo kilikufa zamani na mafundi wake wakatawanyika, kwa hiyo yaliyobaki ni yale yanayouzwa na waliokuwa nayo.

Osmundi, mumewe Otilia, alikuwa hospitali mwaka wa pili sasa, amefungwa kwa mpira kwenye pafu kubwa la ukutani. Mpira ulimfikisha dirishani, basi. Madaktari walisema nguvu za kurudi nyumbani anazo, ila ukuta hauwezi kufuatana naye. Otilia alikuwa ameshindania pafu-mkoba mnadani kutwa nzima, akawapiku watu wa Kampala na Maskati, mpaka nyundo ikagongwa kwa jina lake. Na alikwisha kumwambia Osmundi. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alikwisha kumwambia, naye mwanamume wa watu akaomba anyolewe, asirudi kwake na ndevu za hospitali.

Otilia akaketi kwenye kigoda, akamwita Dalali. Dalali ndiye akili-mashine aliyeendesha minada yote. Hakuwa na ofisi wala kiti, alikuwa na sauti tu, ya upole, sauti ya mtu aliyeshiba.

"Nyundo ikishagongwa muuzaji haghairi," Otilia alisema. "Kanuni zenu hizo, si zangu."

"Uko sahihi kabisa, Bi Otilia."

"Basi nipe pafu langu."

"Naelewa uchungu wako. Fedha yako imerudi. Je, ungependa kuona mapafu mengine?"

"Yapo?"

"Hayapo."

"Sasa unanionyesha nini, shetani we?"

"Naelewa uchungu wako."

Otilia akaomba azungumze na mtu. Dalali akamjibu kwamba watu waliondolewa ili kuharakisha huduma. Sasa mnunuzi aliyeachwa njia panda afanye nini? Dalali akamweleza taratibu, kama anayemsomea mtoto. Anaweza kupokea fedha yake akanyamaza. Anaweza kumshtaki muuzaji, jina lake likatiwa doa na asiuze tena mnadani. Ama anaweza kudai nguvu ya nyundo, yaani Mchukuzi aende kwa muuzaji na idhini ya kufungua mlango, akakitwae kilichouzwa.

"Jina lake nitalifanya nini, nilichemshe?" Otilia akafoka. "Nataka nguvu."

"Ombi likishaingia halitoki. Mchukuzi atafika kwake kesho adhuhuri. Unathibitisha?"

"Nathibitisha hata mara mia!"

Aliyedai nguvu alikuwa na haki ya kuonyeshwa nyumba ya muuzaji. Galus Kihwele, Iringa. Otilia hakuwa na imani tena na chombo kilichomrudia mikono mitupu, kwa hiyo asubuhi yake alipanda treni ya sumaku aende mwenyewe. Njia nzima alikuwa akichambua maneno ya kumwambia huyo bwana, anabakiza yanayochoma tu.

Aliyefungua mlango alikuwa mzee, sweta ameigeuza ndani nje.

"Mimi ndiye mnunuzi," Otilia alisema, salamu hakuna.

"Nimekuona unavyokata kona, mama, nikajua. Karibu ndani."

Pafu lilikuwa mezani sebuleni, juu ya kitambaa cha kufuma, limewashwa. Lilikuwa likihema lenyewe. Lilivuta, likakwama kidogo kama mtu aliyekumbuka jambo, ndipo likashusha. Likavuta tena, likakwama, likashusha.

"Ndivyo alivyokuwa akihema mke wangu Semhindo," Galus alisema. "Tangu usichana wake, hata kabla ya kuugua. Alipofariki nikaliuza, nikijua ni chuma tu. Kisha Dalali akaniletea maelezo kwamba kabla ya kulikabidhi sharti pumzi ya marehemu ifutwe. Nikaweka kidole nibonyeze. Kidole kikakataa, mama."

"Si ungenakili!"

"Mafundi wameshindwa. Ufunguo ulikufa na kiwanda."

Otilia alikuja kugombana na tapeli, kumbe amekutana na mfiwa, na jambo hilo lilimkasirisha zaidi. Maneno yote aliyoyachambua hayakufaa kitu.

"Pole sana, baba. Lakini wako amekufa, wangu yuko hai! Yuko hai amefungwa ukutani kama mbuzi! Sasa sikiliza. Mchukuzi anakuja adhuhuri, nami siwezi kumzuia tena. Akilichukua yeye atalifuta, ndiyo sheria yake. Ukinipa mwenyewe kwa mkono wako, kufuta ni hiari yangu, na mimi sifuti."

"Siwezi."

"Mzee wangu…"

"Siwezi, mama. Mkono hauendi."

Otilia akatazama huku na huku. Viti vilikuwa mahali pake, hakuna mkeka wala jamvi. "Matanga mliyaanua lini?"

"Matanga gani? Kampuni ya maziko ilileta mashine zake, zikachimba, zikaimba, zikafukia. Watoto wakanitumia picha za maua."

"Na watani?"

"Siku hizi watani watoke wapi?"

"Baba, mimi ni Ngonyani. Mngoni wa Songea!"

Galus, Mhehe wa Iringa, akainua uso. Babu za Wahehe na babu za Wangoni walichomana mikuki mpaka wakachoka, vita wakavigeuza utani. Msibani mtani huingia bila hodi, akawatukana wafiwa, akavaa nguo za marehemu na kumwigiza, akanyakua anachotaka, kikawa chake kisipokombolewa kwa fedha, na mfiwa haruhusiwi kununa.

"Mla mbwa mkubwa we!" Otilia akapaza sauti, kwa tusi la kale wanalotupiwa Wahehe. Alichomoa khanga ya marehemu msumarini, akajitanda. "Umemlisha mke wa watu mbwa koko mpaka pumzi ikamkatika, sasa unaatamia mali yake!" Akatembea kwa madaha sebuleni, akavuta pumzi, akaikwamisha, akaishusha. Kisha akalikumbata pafu, akatoka nalo mlangoni.

Galus aliruka kumfuata. Sauti ikamtoka: "Mwizi! Mngoni mwizi! Mlimkimbia Shaka, leo mnakuja kuiba kwangu!"

"Njoo ulikomboe!"

"Nilikomboe kwa nini, mkimbizi we!"

Alimfukuza, ndara mguu mmoja, mpaka langoni. Hapo kicheko kikambana. Kutoka kwenye kicheko akaingia kwenye kilio, akalia kwa sauti huku ameshika nguzo ya lango, majirani wakatoka. Aliangua kilio ambacho Semhindo hakukipata siku ya kuzikwa.

Adhuhuri Mchukuzi akafika. "Bidhaa iko wapi?"

"Mtani kachukua."

"Mtani ni mnunuzi au ni mwizi?"

"Mtani ni mtani," Galus akajibu, anapangusa kamasi.

Mchukuzi akazunguka juu ya bati akilitafuta neno hilo. Mwishowe akaandika kuwa bidhaa imefika, akaenda zake.

Juma hilo hilo Osmundi alirudi nyumbani, pafu kifuani. Siku za mwanzo alihema kwa kukwama kule, na Otilia alikuwa akigeuka ghafla kama kuna mwanamke mwingine chumbani. Kila jioni Galus alipiga simu. Otilia aliiweka karibu na kifua cha mumewe, mzee akasikiliza kimya, kisha akasema, "Asante, mtani."

Lakini pafu lile liliundwa lijifunze. Osmundi alitembea uani, akafika barabarani, akabishana mambo ya mpira na vijana, na kila pumzi yake iliyoingia ilisukuma nje moja ya marehemu. Otilia aliliona hilo, asimwambie Galus. Aliahidi hafuti, na hakufuta. Angefanyaje, amwambie mumewe asipumue?

Jioni moja Galus alisikiliza muda mrefu. Osmundi alikuwa barazani, anamenya muhogo.

"Halikukwama," Galus akasema.

"Labda leo amechoka…"

"Jana pia halikukwama. Nilinyamaza tu." "Hiki ndicho nilichokiogopa nilipoghairi, mama."

Otilia akaisogeza simu karibu zaidi na kifua cha mumewe. Pembeni yake Osmundi akavuta pumzi, akaishusha moja kwa moja, akaomba aletewe chumvi.