Mgeni wa Nyuma Kabisa

Siku ya soko pale Ngara mjini watu hawana adabu. Mtu anakukanyaga, halafu anakuuliza mguu wako ulikuwa unatafuta nini pale. Siku hiyo ndiyo Ildefonsa, binti kutoka kijiji cha Kirushya, muuza vitenge, alikuwa amesimama anamkunjulia mteja kitenge kipya, cha njano chenye ndege wa bluu, mara kitenge kikamponyoka mikononi kikaenda zake. Kilikwenda kama kimeitwa. Alipotazama, akaona ncha yake imekamatwa na gurudumu la baiskeli, na juu ya baiskeli kuna kijana mrefu, amevaa kizibao kinachong'aa na kofia ngumu kichwani kama mtu anayekwenda kuchimba dhahabu.

"Wee! Wee mchawi! Simama hapo!"

Kijana akasimama. Kitenge kilikuwa kimejisokota kwenye mnyororo, kimekunywa grisi, ndege wote wamegeuka kunguru.

"Samahani sana, dada. Sikukuona."

"Hukuniona mimi, na meza yangu, na vitenge vyote hivi? Na hiyo baiskeli mbona haina mlio? Unanyemelea watu kama paka wa jirani?"

"Ni ya umeme, dada. Haipigi kerere."

"Haipigi nini?"

"Kerere."

Ildefonsa akacheka, na halikuwa cheko la furaha. Yeye alisoma kwa masista wakali, waliomkalisha mpaka L na R zikakubali kukaa kila moja chumba chake, na tangu hapo alijiona Mswahili wa kuzaliwa.

"Clotilda! Njoo usikie. Baiskeli ya bwana haipigi kerere!"

Clotilda, jirani yake wa meza, mwanamke ambaye hakuna jambo lililompita, alikuja akiwa bado ana kitunguu mkononi. Wakamcheka kijana wa watu mbele ya soko zima. Yeye akainama, akakinasua kitenge polepole, akakikunja kama nguo nzima.

"Naitwa Minani," akasema. "Natembeza wageni kwa baiskeri hizi. Kitenge nitakutafutia kingine. Na Jumapiri njoo, nikutembeze wewe bure, mpaka mtoni."

"Nitembezwe? Mimi mbuzi?"

"Mbuzi hana mdomo huo."

Clotilda akadondosha kitunguu.

Jumapili ilipofika, Ildefonsa alijiambia kwamba anafuata kitenge chake tu. Lakini alivaa gauni la kijani lililombana kiunoni, na mtu anayefuata deni hapaki mafuta shingoni. Walianzia kwenye bustani ya mji, yeye na wageni wengine, walimu kutoka Mwanza. Minani akawafundisha: hapa breki, hapa kitufe cha kuongeza nguvu, kilimani tumia kidogo ili betri ikurudishe nyumbani. Ildefonsa alipokanyaga pedali mara ya kwanza baiskeli ikamsukuma yenyewe kwa nyuma, naye akapiga yowe.

"Imenishika!"

"Haijakushika, inakusaidia. Hujawahi kusaidiwa?"

"Siyo na mtu kama wewe!"

Wakapita kwenye mikaratusi, ubaridi unanukia dawa. Wakapita migombani, mpaka barabara ikaanguka chini kwenda Ruvubu, na mto ukaonekana, mpana, rangi ya chai ya maziwa. Minani aliongea na wageni kwa heshima, akawaonyesha mafunjo, akawaonyesha ng'ambo. Alisimulia kwamba babu zake walivuka kutoka Burundi, wakalimia Nyakahura kule Biharamulo, na yeye kazaliwa huko. Ildefonsa alikuwa anasahihisha kila neno lake kwa sauti ya chini. Waliporudi juu alikuwa amechoka kusahihisha, ila hajachoka kusikiliza.

Basi yakaanza hivyo. Mapenzi yao yalikuwa ya kugombana. Ungewasikia ungesema ni watu wenye kesi ya mpaka. Simu ikilia mchana, soko zima linajua.

"Umekula?"

"Nimekura, mpenzi."

"Umepiga kura? Uchaguzi ulikuwa lini mbona sikuitwa?"

"Iko siku nitakuoa, ndiyo utaacha kunicheka."

"Siku hiyo ndiyo nitacheka mpaka nizimie."

Hata hivyo kulikuwa na jambo moja ambalo halikuwa la kuchekwa. Tajiri mwenye zile baiskeli alikuwa amesema kwamba stoo waliyoazima inarudi kwa mwenyewe, na mvua zisikute baiskeli zake zinalala nje. Zikikosa banda, zitahamia Biharamulo, karibu na hifadhi, na Minani atakwenda nazo. Ildefonsa alikuwa ameshaachwa mara moja na dereva wa malori aliyesema anarudi kesho. Kwa hiyo kila alipomwona Minani, hata kabla ya salamu, aliuliza, "Unaondoka lini?"

"Sijui."

"Unajua, hutaki kusema."

"Ildefonsa, sijui!"

Alhamisi moja alipita nyuma ya stoo ya baiskeli na bakuli la ndizi na maharage alilompikia mwenyewe. Akamsikia Minani ndani anaongea na simu.

"Ndiyo, kaka. Mahari imekubariwa. Mzee Fideri mwenyewe ametamka... Jumamosi tunamariza... Hapana, hapana, Ildefonsa asijue! Yure ana mdomo. Akijua yeye, soko rote rimejua, na mambo yanaharibika."

Bakuli likawa zito. Mahari. Mzee Fideli, mwenye mashamba kule mtoni, alikuwa na binti mmoja mrefu, mweupe wa meno, Consolatha, ambaye watu walisema anasoma Biharamulo. Biharamulo! Kila kitu kikakaa mahali pake, tena kikakaa vibaya.

Hakugonga mlango. Hakuuliza. Ndizi alizipeleka sokoni, akamwaga yote aliyoyasikia mbele ya Clotilda.

"Mahari imekubaliwa?" Clotilda akashika kiuno. "Na wewe unasema ulisikia kwa masikio yako?"

"Kwa haya mawili."

"Basi mwenzangu, ukinyamaza, umeridhia."

Hayo ndiyo yalikuwa mashauri ya Clotilda.

Jumamosi Minani alikuwa ameteremsha wageni mpaka kando ya mto. Mzee Fideli alikuwepo, amevaa koti jeusi la kanisani na gambuti, anazikagua baiskeli moja moja. Ildefonsa alichukua baiskeli ya stoo bila kuomba, akashuka kilima kwa kasi, na kwa kuwa baiskeli ile haina mlio, walishtukia kiatu chake kinapiga chini katikati yao. Hakumsalimia mtu.

"Bwana harusi!" akaita. "Hongera! Mbona hujavaa suti?"

"Ildefonsa, kuna wageni," Minani akasema kwa sauti ndogo.

"Wasikie! Wageni, karibuni harusini! Huyu anayewatembeza ameniambia mimi atanioa, kumbe mahari ameshapereka kwa mzee huyu! Mpaka rini utadanganya wasichana?"

Hasira zilikuwa zimevunja ukuta wa masista. L na R zilikuwa zinalala kitanda kimoja.

Mzee Fideli akamtazama kama mtu anayemtazama kuku aliyeingia kanisani. "Mahari ya nani?"

"Ya Consolatha wako, mzee, usinifiche!"

"Consolatha wangu yuko utawani, anajiandaa kuvaa shela ya Bwana. Mahari ya mtawa, binti, uliiona wapi?"

Mtalii mmoja akakohoa. Minani akavua kofia ngumu, akaitupa chini.

"Mahari? Nirisema mahari! Mahari!"

"Si ndiyo hiyo!"

"Siyo hiyo! Mahari! Ya kuweka baiskeri!" Akakanyaga ardhi kwa miguu yote miwili mpaka tope likamrukia gotini. "Hii! Hii hapa turiyosimama! Ya kujenga banda, nibaki, nisiende Biharamuro! Hapana, Ildefonsa, oya, hapana!"

Ndipo alipoelewa. Alitazama chini pale alipokanyaga Minani, akaona vigingi vipya vinne na kamba ya katani iliyovizunguka.

Mzee Fideli alikuwa ameshafunga vifungo vya koti. "Mimi nilitaka watu watulivu karibu na shamba langu," akasema. "Huyu akija kila juma kuniingiza kwenye mahari na utawa wa mwanangu, nitasali lini?" Akaanza kuvuta kamba, akiivingirisha kiganjani. Minani alimfuata, akambembeleza, "Mzee wangu, tafadhari, mzee wangu." Mzee hakugeuka. Wiki haijaisha, pale pale mtu mwingine alijenga mashine ya kusaga mahindi.

Simu ya mwisho alipiga Ildefonsa.

"Minani."

"Unasemaje?"

"Nilikosea."

"Kukosea ni kumwaga chumvi. Wewe uriona bora kunivua nguo mbere ya watu kuriko kuniuriza neno moja. Neno moja tu!"

"Na wewe mbona ulinificha? Mwanamke unayemtaka ndiye unayemficha?"

"Niriogopa mdomo wako. Sikukosea, au nimekosea?"

Akakata. Ildefonsa alipiga tena, simu ikaita mpaka ikachoka. Kwa siku kadhaa aliuza vitenge vibaya, anampimia mtu pungufu, anamrudishia mwingine zaidi. Clotilda alipojaribu kuleta shauri lingine, aliambiwa akauze vitunguu vyake.

Baadaye ikasikika kwamba lori la kuchukua baiskeli linakuja Jumatatu, na Jumapili ni matembezi ya mwisho. Ildefonsa akaazima raba za Clotilda, akavaa gauni la bluu lenye mifuko, akaenda kukata tiketi kama mgeni yeyote. Akakaa nyuma kabisa mwa mstari. Minani alimwona. Shingo ilimkakamaa, lakini mgeni ni mgeni.

"Wageni wetu, karibuni. Kofia zifungwe vizuri. Na wewe, mgeni wa nyuma, funga yako, tusirete maiti."

"Asante, kiongozi."

Kwenye mikaratusi akawasimamisha. "Miti hii inanyonya maji sana. Kama watu wengine wanavyonyonya damu."

"Kiongozi, swali," Ildefonsa akanyoosha mkono.

"Uriza, mgeni."

"Mti ukijua umekosea, unafanyaje?"

"Unakatwa."

Wageni wakatazamana. Mama mmoja mnene kutoka Kahama akatabasamu, akasogeza baiskeli yake karibu ili asikose neno.

Mtoni mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, unga mweupe umekaa juu ya majani. Minani akaigeuzia mashine mgongo. "Hapa pangekuwa na banda. Wageni wangepumzika, wangekunywa chai wakitazama mto. Mtu mmoja akaja akapiga kerere."

"Kiongozi, huyo mtu alishaomba msamaha?"

"Kwa simu."

"Akiuomba mbele ya wageni, kama alivyotukana mbele ya wageni?"

Ildefonsa akashuka, akaiegemeza baiskeli kwenye kichuguu. Akapaza sauti ishinde mashine. "Jamani, mtu mwenyewe ni mimi. Kijana huyu hakudanganya mtu. Alikuwa anatafuta pa kukaa kwa ajili yangu, mimi nikapaharibu. Ndiyo hivyo."

"Pole, mwanangu," akasema mama wa Kahama.

"Tunaenderea," akasema Minani. "Kirima ni kirefu. Nguvu kidogo kidogo, betri zifike."

Ildefonsa hakusikia, au alisikia. Alibonyeza kitufe mpaka mwisho, na katikati ya kilima baiskeli ikafa. Baiskeli ya namna ile ikifa ina uzito wa ndama. Akashuka, akaanza kusukuma, jasho linampofusha. Wenzake walitokomea kwenye kona, naye akabaki na kilima chake.

Hakumsikia Minani akirudi. Alishtukia tu kofia ngumu mbele yake.

"Umefanya makusudi."

"Sikufanya makusudi. Nilikuwa nakutazama mgongo, nikasahau vitufe."

"Sheria inasema kiongozi haachi mgeni njiani. Ndiyo maana nimerudi. Usifikirie kingine."

"Sijafikiria."

Wakasukuma, kila mtu yake. Kisha Minani akasema, "Kesho nakwenda Biharamuro."

"Nenda."

"Huniambii nibaki?"

"Ubaki wapi? Nikikuambia ubaki nitakuwa nakudanganya. Nenda kafanye kazi. Ila ukinitaka, usipige simu, simu zimetutosha. Njoo Kirushya na wazee wako, mlangoni kwa mama, mchana, watu wakiona."

"Mama yako ananipenda?"

"Hakupendi hata kidogo. Anasema una miguu mirefu ya kukimbilia."

"Na wewe?"

Ildefonsa akajifuta uso kwa mkono wa gauni. "Leo mimi pia sikupendi. Umenifananisha na mti wa kukatwa mbele ya watu wa Kahama. Njoo hivyo hivyo."

Minani akasimama. Akaitazama barabara iliyobaki, akamtazama yeye, akamnyang'anya ile baiskeli iliyokufa na kumsogezea yake.

"Panda hii, ina chaji."

"Na wewe?"

"Nitasukuma. Nenda porepore. Sijakusamehe, rakini nataka nikuone mbere yangu."

Akapanda. Aliweka nguvu ndogo kabisa, kama alivyofundishwa. Nyuma alimsikia Minani anahema na kukokota, anakitukana kilima, anaitukana betri, halafu akaanza kumtukana yeye kwa Kirundi, kwa utaratibu, jina lake likiwa mwanzoni mwa kila tusi. Na kila alipoitwa, Ildefonsa aliitika, "Abee."